Mfalme Ezana wa Aksum: kutoka miungu mingi hadi Mola wa mbingu





Hapa Masakta wanafunzi wetu wengi wana mababu waliolelewa katika imani za jadi. Kwa Kiiraqw, neno Looaa ni jina la Mungu na pia ni jua. Kwa Kidatoga, Aseeta ni vivyo hivyo. Wakati mwingine tunawasikia watoto wakiwacheka wazee wao kwa jambo hilo. Ndiyo maana tumeona tuwaletee maisha ya mfalme aliyezaliwa katika imani ya aina hiyo.

Imani ya watu wa kale

Aksum ni mji ulioko kaskazini mwa Ethiopia, nchi ambayo vitabu vyetu vya sira huiita Habasha. Watu wake walifanya biashara ya pembe za ndovu kupitia bandari ya Adulis katika Bahari ya Shamu. Dini yao ilifanana na ile ya Yemen, ng'ambo ya bahari. Katika Sura An-Naml tunasoma habari za Malkia wa Sabaa, ambaye watu wake walilisujudia jua. Huko Yeha, karibu na Aksum, bado zipo kuta za hekalu la Almaqah, mungu wa Wasabaa, lililojengwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Waaksum walimwabudu Astar, aliyehusishwa na nyota ya Zuhura, na Medr, yaani ardhi. Mahrem alikuwa mungu wa vita, na wafalme walijiita wana wake.

Malezi yake

Ezana aliishi katika karne ya 4 baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, mama yake akashika nchi. Katika nyumba ya mfalme walikuwamo vijana wawili mateka kutoka Tiro, katika Lebanon ya leo: Frumentius na Aedesius. Walikamatwa baada ya wenzao wa jahazini kuuawa. Kwa uaminifu wao walipewa kazi kubwa, na mama mfalme akamwomba Frumentius amsaidie kuongoza mpaka mtoto akue.

Utawala wake

Ezana alipokua alipigana vita hadi nchi ya Wanubi. Alipowashinda Wabeja aliwahamishia sehemu nyingine, akawapa chakula, nguo na mifugo. Habari hizo alizichonga kwenye mawe, na katika maandishi yake ya mwanzo anajiita mwana wa Mahrem. Katika ya baadaye anamshukuru Mola wa mbingu. Sarafu zake nazo zinaonesha hivyo: za kwanza zina alama ya mwezi na duara, za baadaye zina msalaba. Frumentius alikwenda Aleksandria, akarudi akiwa askofu wa kwanza wa Aksum.

Mafunzo

Imani aliyoipokea Ezana siyo tauhidi tunayoifundisha darasani, na katika Utatu tunatofautiana na Wakristo. Lakini tutazame aliyemfikishia habari: kijana mateka, mgeni, asiye na jeshi. Alichokuwa nacho ni uaminifu, elimu na subira ya miaka mingi.

Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 615, Masahaba walioteswa Makka walihamia Habasha. Aliyewapokea na kukataa kuwarudisha kwa Makuraishi alikuwa Najashi, mfalme wa Aksum ile ile, mtu wa Kitabu. Alipofariki, Mtume (S.A.W.) alimsalia akiwa Madina.

Basi wanafunzi wetu, msiwacheke babu na bibi zenu. Kaeni nao, wahudumieni, waulizeni walivyoishi, na waone uzuri wa dini katika tabia zenu. Ezana hakubadilishwa na kicheko cha mtu.

Wabillahi tawfiq.