Natta: Mtaliano wa salfeti aliyeuyumbisha mkonge

MFANYABIASHARA wa mchele au maharage Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hufungasha mzigo wake kwenye salfeti bila kujua kuwa plastiki yake inatokana na kazi ya Mtaliano mmoja, Giulio Natta.

Natta alizaliwa Februari 26, 1903 mjini Imperia, Italia. Alihitimu uhandisi wa kemikali mjini Milan mwaka 1924, kisha akajikita kutumia eksirei kuchunguza fuwele, yaani punje zenye mpangilio maalumu ndani yake kama zile za chumvi.

Ujuzi huo ulimfaa mwaka 1954. Akitumia kichocheo cha Mjerumani Karl Ziegler, aligeuza propilini, gesi itokanayo na mafuta ya petroli, kuwa plastiki ngumu. Eksirei ilimwonyesha kuwa molekuli zake zimejipanga hadi kuunda fuwele. Hiyo ndiyo polipropilini, ambayo kampuni ya Montecatini ilianza kuizalisha mwaka 1957.

Uimara wa salfeti hutegemea joto. Kiwandani, plastiki hutandazwa kama karatasi, hukatwa kuwa tepe nyembamba, kisha tepe hizo huvutwa zikiwa za moto. Kuvutwa huko hulaza fuwele kuelekea upande mmoja, na tepe huwa imara kwa urefu. Baadaye hupashwa joto tena ili zisinywee, ndipo zifumwe.

Viwanda vingine huchanganya polithini kidogo ili tepe zisichanike. Hapo joto linahitaji uangalifu, kwani polithini huyeyuka mapema kuliko polipropilini, na ikiganda upya fuwele zake huweza kulala upande mwingine. Joto likizidi, tepe hupoteza nguvu.

Mwaka 1963 Natta na Ziegler walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wakati huo Natta alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa Parkinson. Alifariki dunia Mei 2, 1979 mjini Bergamo.

Kwa mashamba ya Tanga na Morogoro, kazi yake ilikuwa pigo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za plastiki zilipoenea duniani, bei iliporomoka, na miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Utaifishaji wa mashamba mwaka 1967 nao ulichangia.

Mkulima ana la kujifunza hapo: mshindani wa zao lake si lazima awe na shamba. Anaweza kuwa maabara.