Jenerali Aliyeuogopa Ushujaa

Kila ninapowaomba wanafunzi wangu wanitajie rubani wa kijeshi, hunitajia waliodondosha mabomu au walioangushana angani. Hakuna aliyewahi kunitajia William Tunner, Mmarekani aliyefariki mwaka 1983, ilhali huyu ndiye aliyesimamia kulishwa kwa jiji zima kwa ndege.

Alizaliwa New Jersey mwaka 1906, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1928. Katika Vita Vikuu vya Pili hakupewa kikosi cha kupigana. Alipewa kazi ya kuzitoa ndege mpya viwandani na kuzifikisha zilikohitajika, na akawakubali marubani wanawake waifanye kazi hiyo. Mwaka 1944 alitumwa India kusimamia uchukuzi wa kuvuka milima ya Himalaya hadi Uchina. Njia ile ilikuwa makaburi. Marubani walijivunia kuruka katika hali yoyote ya hewa, na ndege ziliendelea kutoweka milimani. Tunner alileta ukaguzi wa injini kwa utaratibu na kanuni kali za usalama, hata na gwaride, jambo lililowaudhi sana watu waliokuwa wakiishi katika mahema na matope. Wakampa lakabu ya mjeledi. Hata hivyo ajali zilipungua na mizigo ikaongezeka: mwezi wa Julai 1945 pekee zilivushwa tani 71,042.

Juni 1948 Wasovieti walizifunga barabara, reli na mifereji iliyoelekea Berlin Magharibi, penye watu zaidi ya milioni mbili. Wamarekani na Waingereza wakaanza kupeleka unga na makaa ya mawe kwa ndege. Tunner alipofika mwishoni mwa Julai, watu walikuwa wakiwasifu marubani wasiolala. Yeye aliona fujo tu. Ijumaa tarehe 13 Agosti, akiwa mwenyewe angani akielekea Berlin, mawingu yaliufunika uwanja wa Tempelhof. Ndege moja ilipitiliza mwisho wa njia ikateketea. Ya pili ilipasua magurudumu ikijaribu kuikwepa. Ya tatu ikatua kwenye njia iliyokuwa bado inajengwa. Nyingine zilibaki zikizunguka mawinguni, moja juu ya nyingine. Tunner aliamuru zote zirudi zilikotoka, isipokuwa yake.

Tangu siku hiyo rubani aliruhusiwa kujaribu kutua mara moja tu. Akikosa, hurudi na shehena yake yote. Nakiri kuwa amri hii ndiyo iliyonivuta kwa mtu huyu, kwani si rahisi kumwambia kijana shupavu arudi na unga ilhali wenye njaa wako chini yake. Lakini anayerudia kujaribu humzuia anayemfuata, na ndege zilifuatana kwa dakika tatu tatu.

Kwa kuwa mafundi walikuwa wachache, aliomba ruhusa ya kuwaajiri mafundi Wajerumani, maadui wa miaka mitatu tu iliyopita. Vitabu vya ufundi vikatafsiriwa kwa Kijerumani. Mimi niliyezoea kuona tafsiri ikidharauliwa kama kazi ya karani, huwasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka. Wajerumani wenyewe waliuita uchukuzi huo daraja la hewa, na jina hilo, naona, linaeleza mengi kuliko ripoti zote: daraja halisifiwi kwa ujasiri, husifiwa kwa kutovunjika.

Aprili 1949, katika saa 24 za mkesha wa Pasaka, ndege ziliruka mara 1,398 zikiwa na tani 12,941. Mwezi uliofuata Wasovieti waliifungua njia.

Baadaye aliongoza uchukuzi wa anga katika vita vya Korea, ambako mwaka 1950 vipande vya daraja vilidondoshwa kwa miavuli ili askari waliozingirwa wapate kutoka. Kisha akakiongoza kikosi kizima cha uchukuzi wa anga cha Marekani hadi alipostaafu mwaka 1960.

Mbele ya uwanja wa Tempelhof upo mnara wa ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1951. Umeandikwa majina ya Waingereza na Wamarekani waliokufa katika kazi ile. Jina la Tunner halimo, wala hayamo majina ya marubani waliotiiwa amri wakageuza ndege, wakarudi na unga wao.