Luigi Broglio, Mhandisi wa Ngomeni

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu waliyavamia majina kama siafu waliomwagiwa sukari. Huyu akamchukua Koitalel arap Samoei, yule akamnyakua Mekatilili wa Menza, na mwingine, kwa sababu anapenda sifa, akasema Shaaban Robert ni wake na mtu asimguse. Nilipofikiwa mimi nikataja Luigi Broglio. Jamani! Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama huyo ni mchezaji wa AC Milan. Mwingine akauliza kwani mashujaa wa Afrika wamekwisha hata tuazime wazungu.

Sikuwajibu siku ile. Leo najibu.

Baba yangu ni mtu wa hapa Uasin Gishu, lakini mama yangu kwao ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, kwenye Ghuba ya Ungwana. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi tangu utotoni mwake. Kila tulipomtembelea likizo, jioni alipokuwa akitengeneza nyavu zake, mimi na ndugu zangu tulimzunguka naye akatusimulia habari ile ile moja, ambayo hatukuichoka. Alisema kwamba alipokuwa kijana wa kama miaka kumi na mitano, siku ya sikukuu ya Uhuru mwaka 1970, alisimama ufuoni na watu wengi, akaona moto ukitoka katikati ya bahari ukapanda mbinguni, na mngurumo wake ukafuata nyuma kama radi iliyochelewa. Halafu kukawa kimya, ukabaki moshi tu, nao ukapinda kwa upepo wa kaskazi. Kila alipomaliza aliuliza swali moja: kile kitu kilikwenda kutafuta nini huko juu? Hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Sisi nasi tulicheka tu, tukamwambia kilikwenda mwezini. Babu alitikisa kichwa. Alijua tunamdanganya.

Babu alifariki mwaka jana. Nilipofungua vitabu ili niandike makala haya ndipo nilipogundua kwamba jibu lilikuwepo siku zote, tena si gumu. Basi nisikilize.

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, ambao uko ng'ambo tu ya maji kutoka Venice, ule mji wa Italia ambao barabara zake ni mifereji. Familia yake ilihamia Roma angali mtoto. Huko alisoma hadi Chuo Kikuu cha Roma, akahitimu uhandisi mwaka 1934. Baadaye akaingia jeshi la anga akiwa afisa mhandisi, kazi yake ikiwa kuchunguza ndege na mambo ya upepo unaozizunguka. Vita Vikuu vya Pili vilipoipindua nchi yake mwaka 1943, Wajerumani wakaikalia, yeye alijiunga na wale waliowapinga. Vita vilipokwisha alirudi kwenye ubao na chaki. Mwaka 1952 alifanywa mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege ya chuo kile kile alichosomea.

Nataka msomaji atambue jambo hapa. Italia ya wakati huo haikuwa tajiri hata kidogo. Ilikuwa imeshindwa vitani, miji yake mingine ni magofu, na watu wake walikuwa wakipanda meli kwenda kutafuta kibarua nchi za mbali. Mtu wa nchi kama hiyo akisema anataka kurusha chombo angani, wenzake humtazama kama mnavyonitazama mimi nikisema nataka kuwa mhandisi wa roketi ilhali shule yetu haina hata maabara ya kutosha wote. Lakini huyu bwana hakutazama nyuso za watu. Mwaka 1956 alisaidia kuanzisha uwanja wa kurushia roketi kisiwani Sardinia, na mapema mwaka 1961 roketi ndogo ilipaa kutoka huko. Kisha yeye na mwanafizikia Edoardo Amaldi wakaishawishi serikali yao, na mwaka 1962 Italia ikatia mkataba na NASA. (Si ile NASA ya siasa zetu za mwaka 2017. Hii ni ya Marekani, ya mambo ya anga.) Mapatano yalikuwa hivi: Wamarekani watoe roketi na mafunzo, Waitaliano watengeneze setilaiti na mahali pa kuirushia.

Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, ilirushwa kutoka Wallops Island huko Marekani, na waliobonyeza vitufe walikuwa Waitaliano wenyewe. Mtakatifu Marko ndiye msimamizi wa Venice, nadhani mmeelewa jina limetoka wapi. Mtu hasahau kwao.

Setilaiti ile ilikuwa na umbo la tufe, na ndani yake Broglio alikuwa amebuni kifaa ambacho mpaka leo huitwa mizani ya Broglio. Nilikisoma mara tatu ndipo nikaelewa, wacha nijaribu kukieleza. Huko juu, mamia ya kilomita, tunadhani hakuna hewa kabisa. Iko, ila nyembamba mno. Setilaiti ikipita kwa kasi, hewa ile huisukuma kidogo sana, kama vile unavyohisi upepo usoni ukiendesha baiskeli ukiteremka kilima hata kama miti imetulia. Broglio alitengeneza tufe lenye ganda la nje na kiini cha ndani, vikaunganishwa kwa springi. Hewa ikilisukuma ganda, ganda husogea kidogo sana, kiini kikabaki, na springi husema zimebonyea kiasi gani. Ukijua hivyo umejua uzito wa hewa ya mahali ambapo hakuna mtu aliyepumua. Mimi naona hiyo ni akili ya ajabu. Setilaiti nyingi huanguka mapema kwa sababu ya hewa hiyo hiyo, kwa hivyo si mchezo wa watoto.

Sasa tuje nyumbani. Broglio alitaka uwanja wake uwe Ikweta. Kwa nini? Mwalimu wetu wa jiografia ametufundisha kwamba dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na sehemu iendayo mbio zaidi ni kiuno chake, yaani Ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo, dunia yenyewe huipa kisukumo cha bure. Ni kama kuruka kutoka kwenye matatu inayokwenda, utakimbia utake usitake (msijaribu).

Hapa mtu wa Eldoret atasimama aulize: mbona basi hakuja kwetu? Eldoret iko kama nusu digrii tu kaskazini ya Ikweta, Ngomeni iko karibu digrii tatu kusini. Tena sisi tuko juu, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa Ikweta tumewashinda! Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe, na jibu ni kwamba roketi hizo hupanda kwa vipande, na kipande kikimaliza moto huanguka. Ngomeni mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu. Eldoret mashariki yake kuna Iten, bonde la Kerio, Baringo, watu, ng'ombe na mashamba. Nani angelipa mahindi ya watu?

Broglio hakujenga hata ufuoni. Alisimamisha majukwaa ya chuma ndani ya bahari yenyewe, miguu yao ikikita mchangani. La kwanza lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta lililotolewa na kampuni ya mafuta ya Italia, likaitwa Santa Rita. Wakatoliki wenzangu mnajua, Mtakatifu Rita ndiye huombwa kwa mambo yasiyowezekana. Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru, roketi ndogo za uchunguzi ziliruka kutoka hapo. Kisha likaja jukwaa kubwa, San Marco, lililotolewa na Wamarekani, likakarabatiwa Italia na kukokotwa baharini mpaka Kenya. Roketi yenyewe iliitwa Scout, ndefu kupita nyumba ya orofa sita, na ililazwa kwanza ndipo ikasimamishwa. Walioirusha walikaa Santa Rita, na amri zilipita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka Ngomeni ikaingia njia yake juu ya Ikweta. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ulaya nzima ilikuwa bado haijapata kitu kama hicho, na kilikuwa kwetu, mbele ya ngalawa za akina babu.

Sasa lile jambo la 1970. Nyota na vitu vingine vya mbinguni hutoa mwanga tunaouona, lakini vingine hutoa eksirei, miale ile ile ya hospitali inayoonyesha mfupa uliovunjika. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo isitufikie, nasi tushukuru, la sivyo tungeungua. Kwa hiyo anayetaka kuiona lazima apande juu ya hewa. Mwanasayansi Riccardo Giacconi, naye mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, alikuwa ametengeneza na wenzake setilaiti ya kazi hiyo. NASA iliamua irushwe na Broglio na vijana wake kutoka Ngomeni. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine.

Siku ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kwa upande wa NASA, akaipa setilaiti jina. Akaiita Uhuru.

Wanachama wenzangu, mnasikia? Kabla ya hapo ilikuwa na jina la kitaalamu tu. Leo hii mtu yeyote duniani anayesomea nyota, awe Mjapani au Mrusi, lazima akutane na neno hilo la Kiswahili kwenye kitabu chake. Uhuru ilizunguka dunia kila saa moja na nusu hivi, ikachora ramani ya kwanza ya mbingu za eksirei, vyanzo 339. Kimoja kiliitwa Cygnus X-1, na wataalamu walipokifuatilia wakaona dalili za shimo jeusi, kitu kizito hata mwanga hauwezi kukitoroka. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Hicho ndicho kilichokwenda kutafutwa, babu.

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, ya mwisho ikiwa San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo kimya. Broglio alitamani roketi mpya yenye nguvu zaidi, lakini wakubwa wa kwao hawakuukubali mpango wake. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake, na mitambo yake ya nchi kavu bado hupokea ishara za setilaiti. Majukwaa yamesimama baharini yakila kutu.

Sitaki kumfanya malaika. Wapo wanaouliza, tena kwa haki, Kenya ilipata nini miaka yote hiyo, na mbona mvuvi aliyeishi jirani na kituo hicho maisha yake yote alikufa hajui kilichokuwa kikifanyika. Mimi mwenyewe nauliza. Ilitubidi tungoje hadi mwaka 2018 ndipo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye ukubwa wa tofali dogo, ilipofika angani, nayo ilitengenezwa kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Broglio cha Roma. Ya pili, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, kutoka Marekani. Kutoka Marekani, ilhali majukwaa yako Ngomeni! Lakini kosa la kutoeleza si la mtu mmoja, na hata mimi nilikuwa na babu miaka kumi na mitano nikamwambia mambo ya mwezini.

Desemba tutakwenda Ngomeni kusafisha kaburi. Nyanya bado yupo, na naye alikuwa ufuoni siku ile ya 1970, msichana mdogo, ingawa yeye hukumbuka zaidi kwamba kuku wote walikimbia. Hajui kusoma. Nimemwambia mama anikumbushe nibebe gazeti hili, nimsomee jioni, polepole, na pale kwenye mizani ya Broglio itabidi nitafute springi ya kalamu nimwonyeshe.