Tafakuri ya Ramadhani, Funga ya 17: Daktari wa Papasi



Unaposhuka kutoka Kibamba kwenda mjini, ukafika pale Ocean Road na kuliona jengo kongwe la hospitali, mkumbuke Robert Koch. Mjerumani huyu alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Dunia ilishamjua: mwaka 1882 alionyesha kijidudu cha kifua kikuu, kisha akakifuata cha kipindupindu hadi Misri na India, na Berlin wakampa uprofesa.

Akarudi kwetu 1905, ana miaka 61. Mwingine angekaa kwake anywe kahawa. Yeye alishika njia ya misafara ya bara, akachokonoa vumbi la mabanda walimolala wapagazi, anatafuta papasi. Wazee wetu wanamjua papasi: mchana kajificha kwenye udongo, usiku anatoka kunyonya damu. Koch akawapasua, akaona ndani yao vijidudu vya ile homa inayoondoka halafu inarudi. Akavikuta hata kwenye mayai yao, yaani mama anawarithisha wanawe! Mwaka huohuo kule Kongo daktari Mwingereza, Dutton, alikufa kwa homa hiyohiyo akiichunguza. Kinga aliyoshauri Koch haikutaka dawa: pigeni kambi mbali na mabanda ya zamani. Sisi tuliosomeshwa madrasa habari ya kutoingia mji wenye tauni, hilo halitushangazi.

Sasa hapa tulia kidogo. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kupambana na malale. Wagonjwa walimjia kwa mamia, akawachoma sindano za atoksili, dawa yenye arseniki. Wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ukawa unarudi. Akaongeza dozi. Watu zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja.

Mimi simtukani. Malale ilikuwa inaua, na dawa nyingine hakuwa nayo. Ila jiulize, ndugu yangu: angethubutu dozi ile kwa wagonjwa wa Berlin?

Koch alifariki Mei 1910, ana tuzo yake ya Nobel, na taasisi ya Berlin ina jina lake mpaka leo. Kule Ssese wapo walioingia kambini wakiona, wakatoka wakishikwa mkono.