Mzee Kenyatta Alipokuwa Mpishi

Katika miji ya Thika na Ruiru vipo leo vyuo vinavyofundisha upishi kwa vitendo, na humo huingia wavulana kwa wasichana. Mwanafunzi hapewi daftari tu akaambiwa andika. Hukabidhiwa kisu, kitunguu na jiko, na mwalimu akasimama nyuma yake kumtazama mikono. Hata hivyo wapo wazee ambao moyo wao haujatulia wanapomwona mwana wa kiume, tena aliyelipiwa karo, amejifunga aproni na ameshika mwiko. Kwao ni aibu, au angalau ni mzaha.

Basi kwa ajili ya wazee hao yafaa ikumbushwe habari moja ya jirani yao, mtu wa Gatundu, kule vilimani juu ya miji hiyo miwili. Huyu ni hayati Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Siasa zake zimeandikwa mpaka wino ukachoka. Lakini ukiyatazama maisha yake vizuri utaona kwamba yalipita jikoni mara mbili, mara ya kwanza alipokuwa kijana asiye na kitu, na mara ya pili alipokuwa mzee mwenye pingu.

Alizaliwa katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga huko Muthiga. Novemba 1909 akaondoka nyumbani akaenda misheni ya Waskoti ya Thogoto kutafuta elimu. Elimu hiyo haikutolewa bure. Hapo misheni aliosha vyombo na kupalilia bustani, na ili kupata karo akaajiriwa na mlowezi mmoja wa jirani, akiwa mtumishi wa nyumba na mpishi.

Upishi wa namna hiyo haukuwa na cheti wala mtihani. Katika nyumba za walowezi kijana alianza kwa kupasua kuni, kuteka maji na kusugua masufuria. Siku mpishi mkubwa alipougua ndipo alipoambiwa akaange mayai. Alijifunza kwa macho na kwa kuungua vidole, na chakula alichokipika hakikuwa chakula cha kwao. Aliyekulia kwenye irio na uji alitakiwa ajue supu na mkate wa tanuri, na kiasi cha chumvi kilichompendeza mtu ambaye lugha yake ndiyo kwanza anaisoma. Kusema kweli hicho kilikuwa chuo, ingawa aliyesoma humo aliitwa boi.

Agosti 1914 alibatizwa akawa Johnstone. Baada ya hapo akaiaga misheni, na riziki ikamfikisha Thika, mji ambao reli ilikuwa imeufikia mwaka 1913 tu. Akaajiriwa na kampuni ya uhandisi ya Mwingereza aliyeitwa John Cook. (Kudra zina vichekesho vyake: jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni mpishi.) Kijana huyu aliaminiwa hata akawa ndiye anayetumwa benki Nairobi, mwendo wa maili 25, kuchukua mishahara ya wafanyakazi. Kazi hiyo aliiacha kwa sababu ya maradhi makali.

Yaliyofuata yanajulikana. Aliingia katika siasa, akahariri gazeti la Muigwithania mwaka 1928, na mwaka 1929 akasafiri Uingereza. Alirudi huko tena mwaka 1931, na mara hii akakaa miaka 15. London alisoma kwa Profesa Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake, Facing Mount Kenya, juu ya mila za Wagikuyu.

Katika kitabu hicho lipo jambo linalotuhusu hapa. Akieleza mgawanyo wa kazi, alionyesha kwamba kupika, kuteka maji, kuosha vyombo na kutafuta kuni ni mambo ya wanawake, na mwanamume anayejipenyeza humo huchekwa na kupachikwa jina la kejeli. Aliyeyaandika hayo alikuwa amekwisha kuosha vyombo vya wamishonari na kumpikia mzungu! Sisemi kwamba aliwadanganya wasomaji wake; mila ndivyo ilivyokuwa. Hata kwetu pwani mwanamume husifiwa akipika sufuria kubwa la pilau harusini, na mtu huyo huyo nyumbani kwake hajui kisu kinawekwa wapi. Lakini inaonyesha jinsi ukoloni ulivyoipindua mila hiyo kimya kimya: maelfu ya wanaume wa bara na wa pwani waliingia jikoni kwa ajili ya kodi na karo, kisha wakarudi kwao bila kuitaja kazi hiyo.

Jiko la pili lilikuwa Lokitaung. Mzee alikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka 7 pamoja na kazi ngumu. Yeye na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kungu Karumba wakapelekwa jangwani Turkana. Wenzake walivunja mawe juani. Yeye, kwa kuwa umri wake ulikuwa umefika kama miaka 60, alifanywa mpishi wao.

Chakula kilikuwa posho na maharagwe, siku baada ya siku. Asiyewahi kupika ataona hiyo ni kazi ya raha. Lakini maharagwe makavu yanataka maji na moto wa saa nyingi, na Lokitaung ni nchi ya ukame. Ukiyaharakisha yanakuwa kama kokoto, ukiyasahau yanaungua. Na wanaokungoja ni watu waliochoka, wenye njaa, ambao mwiko wako wanauhesabu kila unapopakua. Jikoni mwa mlowezi kosa la mpishi lilimpotezea mshahara. Hapa lingemharibia udugu.

Na udugu huo uliharibika kweli, ingawa si kwa sababu ya chumvi. Aprili 1954 aliletwa Waruhiu Itote, kamanda wa Mau Mau aliyejulikana kama Jenerali China, na Mzee akawa akimfundisha Kiingereza. Kufikia 1957 wafungwa walikuwa wamegawanyika: Mzee na Itote upande mmoja, wale wanne upande mwingine. Asubuhi moja, wakati wa kufungua kinywa, mmoja wa mahasimu alitaka kumchoma Mzee kisu. Aliponea chupuchupu.

Alimaliza kifungo Aprili 1959, akawekwa Lodwar, halafu Maralal, na Agosti 1961 akarudi Gatundu. Miaka miwili baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na tarehe 12 Desemba 1964 akawa Rais.

Hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Kaggia, aliyekula maharagwe yale, aliendelea kudai kwamba ardhi zilizokuwa za walowezi wapewe maskini bila malipo. Mwaka 1965, huko Kandara, si mbali na Thika, Mzee alimkabili mbele ya umati akamsuta kwa kuwa hana kitu, akimtajia wenzao wa kifungoni waliokwisha kujipatia mali. Ilhali Mzee mwenyewe na jamaa zake walikuwa wakipata mashamba makubwa. Wako wanaosema hiyo ni siasa, na siasa haina chungu kimoja. Mimi naona kwamba mtu aliyewahi kuwapakulia wenzake posho sawasawa, kila mmoja kwa kadiri yake, alijua vema kuliko sisi sote maana ya sahani isiyo na kitu. Kaggia alijiunga na upinzani wa Oginga Odinga mwaka 1966, na akafariki mwaka 2005.

Katika zama hizo hizo za Mzee upishi ulianza kupewa heshima ya kisomo. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilifunguliwa kando ya barabara ya Thika kwa msaada wa Uswisi, na kijana wa Kiafrika akafundishwa kwa mtaala jikoni mle mle ambamo baba yake aliitwa boi. Mwaka 1977 Mzee akatoa shamba la hekta 200 huko Juja, baina ya Ruiru na Thika, lijengwe chuo. Hakukiona. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Masomo yalianza Juja Mei 1981, katika chuo ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Wanafunzi wa kwanza walihitimu Aprili 1984 kwa stashahada za uhandisi wa kilimo, kilimo cha bustani, na teknolojia ya chakula.