Alfred Werner na Majina ya Kobalti

Alfred Werner alizaliwa mwaka 1866 mjini Mulhouse, Alsace. Mwaka 1871 Ujerumani ilitwaa jimbo hilo kutoka Ufaransa. Nyumbani kwao waliendelea kusema Kifaransa, ingawa kazi zake nyingi za kemia aliziandika kwa Kijerumani.

Enzi hizo chumvi za kobalti, metali ileile inayochimbwa Kolwezi, ziliitwa kwa rangi zikichanganywa na amonia: ya manjano luteo, ya kijani praseo. Jina lilitaja sura, likanyamaza kuhusu umbo. Sophus Jørgensen wa Copenhagen aliamini kwamba amonia hujipanga kama mnyororo. Mwaka 1893 Werner, akiwa na miaka 26, alipinga: kobalti hukaa katikati, na majirani sita huizunguka pande zote.

Ushahidi ulikuwa haba. Nadharia yake ilidai kwamba praseo ina pacha wa rangi ya urujuani, na pacha huyo hakuwa ameonekana. Werner alimpata mwaka 1907, akiwa Zürich. Jørgensen akakubali kushindwa. Mwaka 1913 Werner alipewa Tuzo ya Nobeli. Alifariki mwaka 1919, akiwa na miaka 52.

Aliacha pia kanuni ya kutaja: kwanza majirani na idadi yao, kisha metali. Wanakemia bado wanaijengea juu yake. Kwa mwanaisimu, hapo ndipo sintaksia ya jina ilipoanza kufuata muundo wa kitu chenyewe.