Virchow na Kuvu Inyemeleayo Mapafu

Kila niwaulizapo wanafunzi Rudolf Virchow alikuwa nani, hunijibu kwa pumzi moja kwamba ndiye aliyefundisha kuwa kila seli hutokana na seli nyingine. Jibu ni sahihi, nami hulipa alama. Ila Virchow ninayemkumbuka tangu janga la Korona ni yule wa chumba cha maiti.

Alizaliwa Pomerania, katika ufalme wa Prussia, mwaka wa 1821. Mwaka wa 1848 serikali ilimtuma Upper Silesia kuchunguza homa ya tifasi iliyowafyeka maskini wenye njaa. Badala ya kupendekeza dawa tu, kijana huyo wa miaka 26 aliandika kwamba watu wale walihitaji elimu, barabara na uhuru wa kujitawala. Wakubwa hawakufurahi. Mwaka uliofuata siasa zake zilimponza huko Berlin, akahamia Würzburg kufundisha.

Mwaka wa 1856, Berlin ilipomrudisha kwa heshima, alichapisha maelezo ya kuvu alizozikuta katika mapafu ya maiti. Hakuwa wa kwanza, kwani John Hughes Bennett wa Edinburgh alikwisha kuona kuvu mapafuni mwaka wa 1842. Lakini maelezo ya Virchow yalikuwa na undani wa kutosha kuitambua aspagilasi, jamaa ya kuvu itiayo sumu mahindi yetu. Naye aliiona kama mgeni aingiaye nyumba iliyokwisha kubomolewa na maradhi mengine.

Mbegu za kuvu hiyo twazivuta kila siku bila kudhurika, kwa kuwa seli za kinga huzimeza. Virusi vya homa kali ya mafua au vya Korona vikishachubua utando wa njia ya hewa, ngome huwa imevunjwa. Dawa za steroidi, ambazo kwa hakika ziliokoa wagonjwa mahututi wengi wa Korona, nazo huilegeza kinga. Kufikia mwisho wa Juni 2021, India ilikuwa imehesabu zaidi ya wagonjwa 40,000 wa kuvu nyeusi, wengi wao wakiwa na kisukari na wametoka kuugua Korona. Kuvu nyeusi si aspagilasi, lakini mlango ni ule ule. Hatari kubwa ni kwamba homa na kikohozi cha kuvu hufanana na cha virusi; daktari asiye na kipimo huenda akaongeza steroidi pale panapohitajika dawa ya kuvu.

Hata hivyo, simsafishi Virchow. Mazoea yake ya kuutazama mwili kuliko mvamizi yalimfanya ayatilie shaka mafundisho ya Robert Koch kuhusu bakteria, na hapo alipotoka. Lakini aliishi kama alivyoandika: alikaa miaka mingi katika baraza la jiji la Berlin akipigania mitaro ya majitaka. Mnamo Januari 1902 aliruka kutoka kwenye tramu, akavunjika mfupa wa paja. Hakupona, alifariki Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 80.